Ncha ya Kitambaa

Mgeni aliingia getini bila hodi. Kiganja kimoja kimefunika jicho, mkono wa pili umeshika tindo, akasimama katikati ya marundo ya nondo kama mtu aliyeteremka kituo si chake.

“Namtafuta Ncha,” alisema. “Nimeambiwa yuko hapa.”

“Ncha zipo nyingi hapa, ndugu yangu,” alijibu Chepe, mchanganya zege, bila kuinua kichwa. “Rudi nyuma kidogo tu, mojawapo itakusalimia matakoni.”

Watu walicheka. Mgeni hakucheka. Machozi yalikuwa yakimtiririka upande mmoja wa uso, upande wa pili mkavu kabisa, na hilo peke yake liliwanyamazisha.

Ncha aliweka chini koleo lake la kukazia waya. Alikuwa fundi wa nondo, mtu wa makamo, mrefu, aliyekaushwa na jua mpaka wenzake wakasema siku chuma kikiadimika watamsimamisha yeye ndani ya nguzo. Jina alilopewa na mama yake halikutumika tena kazini. Aliitwa Ncha kwa sababu ya kitambaa cheupe alichokitunza mfukoni ndani ya karatasi ya nailoni, safi kuliko kitu chochote katika jengo zima. Ukiingiwa na kitu jichoni, unamwendea. Anaisokota ncha ya kitambaa mpaka inachongoka, anailowesha kwa maji yaliyochemshwa, analipindua kope lako juu ya njiti ya kiberiti, na kabla hujamaliza kusema mama yangu, kitu kimeshatoka.

Kila jengo lilikuwa na mtoaji wake, lakini sifa za Ncha zilivuka barabara. Hospitali ilikuwepo, ila foleni yake ilijulikana, na ukirudi kutoka huko unakuta nyundo yako mkononi mwa mtu mwingine. Miwani ya kukinga macho nayo ilikuwepo, asije mtu akasema haikuwepo. Ilining'inia kwenye msumari ofisini kwa msimamizi, inang'aa, ikisubiri wageni wa heshima. Ile waliyogawiwa mafundi ilikuwa imekwaruzwa na vumbi hata ukiivaa unaiona dunia kama ipo ndani ya mvuke wa chungu. Wengi waliipandisha juu ya paji la uso, ikazuia jasho.

“Umefanya nini, kijana?” aliuliza Ncha.

“Nilikuwa navunja ukuta jengo la ng'ambo. Kitu kimeruka.”

“Kaa hapa. Tazama juu. Usinipige tu, maana kuna mmoja alinipiga ngumi halafu akanishukuru.”

Mgeni alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hata hapo hakuiachia tindo yake. Chombo ukikiacha chini kwenye majengo hayo kinaota miguu. Ncha aliinama, akalipindua kope. Chini yake aliona chembe ya kijivu, kubwa kiasi cha mbegu ya tumbaku. Akaigusa kwa ncha ya kitambaa mara moja, mara mbili, akabonyeza kidogo, akaivuta. “Imetoka,” alisema.

“Hii hapa!” alisema Chepe, aliyekuwa amesogea, akikitwaa kitambaa na kuiinua ile ncha juu kama mtu aliyeshika samaki. “Mwamba mzima ulikuwa unautembeza jichoni! Jamani, tujengee nao nyumba!”

Mgeni alipepesa macho. Akapepesa tena. Akatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la kitoto, ambalo utu uzima haujaliondoa bado.

“Afadhali,” alisema. “Wallahi, afadhali sana. Haichomi tena. Mzee wangu, Mungu akuongezee.”

“Nenda kazini. Na jirani akiuliza, mwambie dawa yetu haina foleni.”

Kuanzia hapo wakamwita Jirani. Aliondoka mbio kwa furaha, na kwa furaha hiyo akaisahau tindo kando ya ndoo.

Ncha alirudi kwenye nondo zake. Alifunga fundo la waya, akafunga la pili, lakini mikono ilikuwa mizito. Kuna kitu alikuwa amekiona katika jicho lile asichokielewa. Mboni, kile kitone cheusi cha katikati, haikuwa duara. Upande mmoja ilikuwa imechomoza kidogo, kama tone la maji linalotaka kudondoka. Alikuwa ameona hivyo, na sifa zikamjia kabla ya swali. Nani husimamisha watu wanaomshangilia ili aseme, ngojeni, sina hakika?

Ilipokaribia saa ya chakula, alijikwaa kwenye tindo.

Aliiokota ampelekee mwenyewe. Ilikuwa tindo ya zamani, iliyopigwa miaka na miaka mpaka kichwa chake kimechanua kama uyoga, kingo zimejikunja kuelekea chini, zimeparara. Chuma hicho kilikuwa cheusi chote, kimeshiba mafuta na jasho. Isipokuwa mahali pamoja. Ukingoni palikuwa na pengo dogo, na ndani ya pengo hilo chuma kilikuwa cheupe, kinameremeta, kibichi.

Ncha alikuwa amekata nondo maisha yake yote. Chuma kilichokatika leo kinang'aa. Kesho kinafifia, keshokutwa kinashika kutu. Pengo lile lilikuwa la leo.

Kipande kilichotoka pale kilikuwa cha chuma. Yeye alichokitoa jichoni kilikuwa saruji.

Aliiacha kofia yake ngumu juu ya nondo, akavuka barabara huku madereva wakimpigia honi na kumtukana.

Jirani alikuwa amepanda jukwaani, ameazima tindo nyingine, anagonga.

“Mzee! Umeniletea chombo changu!”

“Shuka.”

“Nimalizie hapa kid...”

“Nimesema shuka!”

Alishuka. Ncha alimkamata mabega, akamgeuza kulielekea jua.

“Ziba jicho la kushoto. Nitazame kwa lile la kulia. Unaniona?”

“Nakuona.” Akakaza jicho. “Kama vile uko nyuma ya pazia. Na kuna kitu cheusi kinaelea, kama inzi. Si ni yale maji yako ya kitambaa, mzee? Yatakauka.”

“Tangu lini kiko hicho cheusi?”

“Tangu asubuhi. Lakini haiumi.” Sauti ikampungua. “Si umesema imetoka?”

 Ncha alimshika mkono, wakaondoka hivyo, wameshikana kama watoto wanaopelekwa shule. Msimamizi wa jengo lile aliwapigia kelele kutoka kivulini kwamba anayetoka asihangaike kurudi. Hawakugeuka.

*

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na viatu vya raba. Alimulika, akatazama, akaagiza picha. Picha ilipotoka aliiinua dirishani, na katikati ya weusi wa jicho palikuwa na alama nyeupe, ndogo mno, kama pametobolewa kwa sindano.

“Nani alilifuta jicho hili?” aliuliza.

Kijana alikuwa amekwishapelekwa kuandaliwa kwa upasuaji. Kwenye benchi alikuwepo Ncha peke yake.

“Mimi.”

“Kwa nini?”

“Ndivyo tunavyofanya, daktari.”

Daktari aliiweka picha mezani, akaketi. Hakuonekana kukasirika. Alionekana amechoka, kama mtu aliyesema maneno hayohayo kwa watu wengi na bado hajapata njia ya kuyasema kabla ya jambo kutokea.

“Vumbi linakaa juu ya jicho. Hilo hata maji safi yanalitoa. Chuma kilichorushwa na nyundo hakikai juu, kinapita. Tundu lake ni dogo, linajiziba, maumivu yanapungua, mtu anadhani amepona. Kumbe kipo ndani kinaliozesha jicho.”

“Kufuta kwangu ndiko kulikomharibu?”

“Kuchelewa kumechangia. Kubonyeza pia. Kiasi gani, sijui.” Akamtazama usoni. “Siwezi kukudanganya kwamba hakukuchangia.”

“Ningefanya nini?”

“Usingegusa. Ungelifunika na kitu kisicholigusa, hata kikombe cha plastiki, ukamleta saa ileile.”

Kikombe cha plastiki. Walikuwa wanavitupa kwa viroba pale kazini.

Ncha alikaa kwenye benchi lile muda mrefu. Alizoea kuwakumbuka waliomshukuru: fundi mbao aliyemletea muhogo, fundi rangi aliyempa mwanawe jina lake. Sasa walianza kumjia wale wengine, wale aliowatoa kitu jichoni wakaondoka wakicheka na hakuwaona tena. Majengo hula watu na kuleta wapya, hakuna anayeuliza fulani kaenda wapi. Yeye pia hakuuliza. Alidhani asiyerudi amepona.

*

Kipande kilitolewa. Walimwonyesha Jirani ndani ya kichupa, na yeye akamwonyesha Ncha alipokuja kumwona baada ya kazi, akiwa amelala na ngao ya plastiki juu ya jicho la kulia, bandeji imezunguka kichwa.

“Tazama kidudu chenyewe. Hata kuku asingehangaika kukidonoa.”

“Kidudu kama hicho,” alisema Ncha, akamrudishia kichupa.

“Mzee, acha uso huo. Nikikutazama naona kama nimekufa.”

 Kwenye kitanda cha pembeni mtu alikuwa akikohoa. Halafu kijana, akitazama dari kwa jicho lililobaki, akaanza kumweleza habari za bibi yake. Bibi ndiye aliyemlea. Alikuwa anashona nguo za watu, viraka na pindo, kwa mkono, kwa sababu cherehani haikuwahi kuingia nyumba ile. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, vidole havijambo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Jirani alimtungia uzi kwenye sindano nyingi, akazichomeka kwenye mto mdogo moja baada ya nyingine, zimtoshe mpaka jioni.

“Ananiita Jicho Langu,” alisema. “Sijamwambia. Nimemtumia salamu kwamba kazi imesogea mbali kidogo. Mama wa nyumba ya pili anamtungia, ila bibi anasema yule anatunga uzi mfupi kwa uchoyo.” Akacheka, akakunja uso, kucheka kulimuuma. “Daktari amesema wataifungua wiki ijayo, asubuhi, baada ya kupita wodini. Hapo ndipo itajulikana.”

“Itakuwa heri.”

“Sijui. Mimi nina jambo moja tu, mzee. Sitaki kufunguliwa peke yangu. Kule kazini hakuna atakayekuja, wameshaweka mtu mwingine. Bibi hawezi. Iwe heri, iwe shari, nataka awepo mtu nimjuaye.”

“Nitakuwepo,” alisema Ncha.

“Usiseme tu kwa huruma.”

“Nimesema nitakuwepo. Nitasimama hapa hapa.”

Ni rahisi kutoa ahadi kando ya kitanda cha mgonjwa. Ncha aliitoa, akarudi nyumbani mwepesi kidogo.

Kisha mvua ikanyesha.

Slabu ya ghorofa ya juu ilikuwa imwagwe mwanzo wa wiki. Mvua ilisukuma kazi siku baada ya siku, mpaka msimamizi akasimama juu ya mbao, akatazama mbingu iliyotakata, akatangaza siku. Msimamizi huyo walimwita Leo-Leo, kwa kuwa hakuna kitu alichowahi kutaka kesho. Siku aliyoitangaza ndiyo ileile ya bandeji.

“Zege likianza kumwagika halisimami mpaka jua lizame,” alisema Leo-Leo. “Atakayetoka getini siku hiyo atoke na nguo zake zote.” Halafu akamvuta Ncha kando, akamshika bega kirafiki, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. “Wewe nakuhitaji juu. Watu wakikanyaga nondo, nani atazinyanyua? Ukinisimamia slabu hii vizuri, genge la chuma ni lako. Wewe ndiye utakayekuwa unasema, wengine wanainama. Mgongo huo umeinama vya kutosha, au siyo?”

Ncha alikuwa ameisubiri kauli hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote.

“Keshokutwa asubuhi nina mgonjwa hospitali,” alisema.

“Nduguyo?”

“Hapana. Jirani.”

Leo-Leo alicheka kwa dhati. “Jirani! Si yule wa ng'ambo? Amejiumiza kwenye jengo la watu wengine, kwa tindo ya watu wengine, wewe umemsaidia bure, bado unadaiwa? Nenda jioni, mpelekee machungwa.”

Nyumbani, mkewe alimsikiliza huku akitoa mawe kwenye mchele. Alipomaliza kusikiliza, aliuweka ungo chini.

“Mume wangu, na mimi uliniahidi kuziba bati la jikoni. Nalala na sufuria kichwani kila mvua ikinyesha. Mbona hiyo haikukosesha usingizi?”

“Nitaliziba.”

“Najua hutaliziba.” Kisha sauti yake ikabadilika. “Ukienda, jicho litaona kwa sababu umekwenda?”

“Hapana.”

“Usipokwenda, litapofuka kwa sababu hukwenda?”

“Hapana, mama.”

“Sasa unaenda kufanya nini?”

 “Nilimwambia nitakuwepo,” alisema Ncha. “Jicho lake nililishika kwa vidole hivi, mke wangu. Nikamwambia imetoka, akaniamini. Nikimwambia na hili halafu...” 

Mkewe aliunyanyua ungo, akaupepeta zaidi ya ilivyohitajika.

“Mgongo wako utakulaani,” alisema.

Asubuhi ya siku hiyo alikuta shati lake jeupe limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Mkewe alikuwa jikoni, amempa mgongo.

*

Alipita kazini kwanza, kwa kuwa hakutaka kuonekana ametoroka. Mashine ya zege ilikuwa imeshawashwa, inakoroga kokoto kwa kelele za meno. Chepe alimwona na lile shati akapiga mluzi.

“Bwana harusi! Unaoa slabu?”

Ncha alitoa mfukoni kikombe cha plastiki na mkanda wa gundi, akavitundika kwenye msumari wa nguzo, mahali alipozoea kuwakalisha watu juu ya ile ndoo.

“Mtu akirukiwa na chuma jichoni, usimfute. Funika na hiki, bandika, mpeleke. Saa ileile.”

“Na kitambaa chako?”

“Nimekipeleka jikoni. Kinashikia sufuria.”

Chepe alifungua mdomo alete mzaha. Aliutazama uso wa mwenzake, akauacha mzaha. Alikirekebisha kikombe kikae sawa kwenye msumari.

Leo-Leo alikuwa juu, ameshika kiuno. “Panda!” alipaza sauti.

“Siwezi, mkubwa. Nilikwambia.”

“Nami nilikwambia!”

“Ndiyo. Nimekuja kuchukua vyombo vyangu.”

Alichukua koleo lake na mita yake. Hapakuwa na kingine. Kijana mmoja wa genge alikuwa tayari ameambiwa apande mahali pake, naye alipanda haraka, akitazama pembeni kwa aibu. Ncha alimwelekeza kwa kidole wapi nondo zitalegea kwanza, kisha akatoka getini. Kabla hajafika kona alisikia zege la kwanza likianguka juu ya mbao, mlio mzito wa kitu kilaini kinachokusudia kuwa kigumu.

Wodini daktari alikuwa ameshafika kitandani. Muuguzi alishika sinia. Jirani alikuwa ameketi wima, shingo imekakamaa, jicho la kushoto likiukodolea mlango. Alipomwona Ncha, mabega yake yalishuka.

Ncha alisimama pale alipoahidi kusimama, upande wa kulia.

Bandeji ilifunguliwa taratibu. Ngao ikaondolewa. Jicho lilikuwa limefumba, limevimba, kope zimeshikana. Muuguzi alilisafisha kwa maji. Ncha alijikuta ameficha mikono nyuma ya mgongo.

“Fungua polepole,” alisema daktari. Akaliziba lile zima kwa kiganja. “Unaona nini?”

Jirani aligeuza uso huku na huku.

“Mkono wangu unaokwenda, unauona?”

“Hapana.”

Akawasha tochi. “Na sasa? Mwanga upo wapi, juu au chini?”

 “Kuna mwanga?”

Daktari aliizima tochi. Hakuharakisha. Alimwambia wataendelea na dawa, na kwamba jambo kubwa sasa ni kulilinda hili lililobaki. Akamwambia pia kwamba hatamficha, hilo la kulia asilitegemee. Alimgusa goti, akasogea kitanda cha pili, maana na huko kulikuwa na mtu anasubiri.

Kijana alikaa akitazama miguu yake. Halafu akageuza kichwa kizima, shingo yote, akitafuta.

“Mzee? Umeondoka?”

“Nipo.”

“Hapo ulipo sikuoni.”

Ncha alizunguka kitanda, akaja kusimama upande wa kushoto. Jirani alimtazama, akalitazama shati jeupe, akalitazama koleo lililochomoza kwenye mfuko wa suruali ya kutokea.

“Leo ni slabu yenu,” alisema. “Nimesikia wagonjwa wanaoingia wakilalamika njia imefungwa na malori ya kokoto.”

“Ndiyo. Wanamwaga.”

“Na wewe?”

“Mimi niko hapa.”

Jirani alielewa.  Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa sindano na uzi mweusi alivyoviomba kwa muuguzi. Alilamba ncha ya uzi, akaisokota, akainyanyua sindano kuelekea dirishani. Uzi ulipita kando ya tundu. Akaurudisha, ukapita mbele yake, mbali kabisa, kama mtu anayetia ufunguo hewani.

Mkono wa Ncha uliinuka wenyewe kumsaidia. Aliushusha. Alivuta kigoda, akaketi upande ule wa kushoto anakoonekana, akatulia.

“Jaribu tena,” alisema. “Sina pa kwenda.”

Jirani alilamba uzi, akajaribu tena.